Usukani Uliotetema Kuanzia 90

Kwa karibu mwaka mzima niliendesha gari linalotetema, na ndani ya mwaka huo niliamini mara nne kwamba nimeshalipatia dawa. Ni gari dogo linalovutwa na magurudumu ya mbele, na wakati huo lilikuwa limeshatembea zaidi ya kilomita 140,000. Kwenye mwendo wa mjini halikuwa na neno. Likifika 90 kwenye lami iliyonyooka, usukani ulianza kucheza mikononi, kushoto na kulia kwa haraka, kiasi kwamba kwenye safari ya saa mbili vidole vilikufa ganzi. Likivuka 110 ulitulia. Nikajizoesha tabia ambayo nikiikumbuka sasa inanitia hofu: mshale ukikaribia 90 nilikanyaga mafuta nipite haraka, kisha nikaendesha kwa 115 gari ambalo sikujua ni kitu gani kimelegea chini yake.

Dawa ya kwanza ilikuwa balansi, yaani kusawazisha uzito wa tairi pande zote. Kila niliyemweleza alisema balansi, na hawakukosea kuanza hapo, maana ndiyo sababu ya kawaida zaidi ya usukani kutetema kwenye mwendo huo, tena ndiyo rahisi kuikagua. Mashine ikaonyesha tairi la mbele kushoto limepungukiwa gramu 20, fundi akabandika vipande vya risasi, nikaondoka na gari lililotulia kama maji ya mtungini. Wiki tatu baadaye mtetemo ukarudi. Nikabalansi tena, safari hii gramu 10 tu, na nafuu ikawa ndogo kuliko ya kwanza. Nikahamisha matairi ya mbele kuyapeleka nyuma, likapoa kidogo. Nikanunua matairi mapya mawili. Likapoa sana, kwa karibu miezi miwili. Halafu likaja jambo jipya: nikifunga breki kutoka mwendo mkubwa, usukani ulitikisika na pedeli ya breki ikadunda chini ya mguu. Nikabadilisha diski na padi za mbele. Pedeli ikatulia kabisa, lakini baada ya wiki kadhaa usukani ulirudi kutikisika kila nilipofunga breki.

Kilichonipoteza ni kwamba kila dawa ilisaidia. Kama balansi isingeleta nafuu hata kidogo, ningeiacha mapema nikatafute kwingine. Gari lilipoa kila mara, nami kila mara nilihesabu kwamba nimeukaribia ugonjwa, kwamba imebaki hatua moja tu. Sikujiuliza swali ambalo leo naliona liko wazi: kwa nini gari hili linahitaji tairi kamilifu kuliko magari mengine? Nilikuwa nimewahi kupanda magari yenye matairi yaliyochakaa kuliko yangu, na usukani wake ulikuwa umetulia.

Aliyenifungua macho ni fundi mmoja mtu mzima ambaye kazi yake ni miguu ya gari tu, hagusi injini. Nilianza kumsomea orodha ya vitu nilivyobadilisha, akanyoosha mkono kunizuia.

"Mwanangu, hivyo utaniambia baadaye. Kwanza niambie linatetema vipi."

"Linatetema usukani, mzee."

"Usukani peke yake, au na kiti?"

"Usukani zaidi. Kiti kidogo sana."

"Linaanza ngapi, linaisha ngapi?"

"Linaanza 90, linaisha kama 110."

"Ukikata kona kwa mwendo ule ule, linazidi au linapungua? Ukiondoa mguu kwenye mafuta?"

Hapo sikuwa na jibu. Nilikuwa nimeishi na mtetemo ule karibu mwaka mzima bila kuuchunguza. Akachukua kofia yake, tukaingia barabarani, yeye kiti cha abiria, viganja vyote viwili ameviweka juu ya dashibodi.

Safari ile ya dakika 20 ilinifundisha kuliko mwaka wote uliotangulia. Barabara ilipokuwa tupu mbele na nyuma, tukiwa 95, aliniambia niweke gia fri na kuliacha gari litembee lenyewe, injini ikiwaka. Injini isizimwe, alisisitiza, maana usukani utakuwa mzito na breki zitapoteza msaada wake. Wala jaribio hilo lisifanywe kwenye mteremko. Mtetemo ukabaki vile vile. Kwa jibu hilo moja akaondoa mambo mengi: kama ungekuwa wa injini, maunti zake (vishikizo vinavyoibeba), au sivi jointi ya ndani, kiungo cha ekseli kinachopeleka nguvu ya injini kwenye gurudumu, inayolalamika inapobeba nguvu ya kuvuta, ungepungua au ungeisha. Huu ulikuwa unafuata mzunguko wa magurudumu, haukujali injini inafanya nini. Kisha akataka nipinde taratibu kushoto na kulia kwa mwendo ule, kama mtu anayebadilisha njia, akitega sikio. Beringi ya gurudumu iliyochoka huvuma, na mara nyingi mvumo huzidi uzito wa gari unapoiegemea. Yetu zilikuwa kimya. Mwisho akaniambia nifunge breki kwa upole kutoka 100. Usukani ukatikisika.

"Pedeli inadunda?"

"Haidundi."

"Basi diski zako ni nzima. Kuna kitu kinaachia."

Neno hilo, *kinaachia*, nililisikia nikadhani ni lugha ya mafundi tu. Nilielewa uzito wake gari lilipokuwa juu.

Alililaza kwenye stendi imara, si kwenye jeki peke yake, magurudumu ya mbele yakaning'inia. Akashika tairi juu na chini, akalisukuma na kulivuta. Halikucheza. Akalishika kushoto na kulia. Halikucheza. Moyo ukaniishia nguvu, maana hicho ndicho kipimo ambacho mafundi wote waliotangulia walikifanya na kuniambia sasipensheni, yaani miguu ya gari, ni nzima. Kipimo chenyewe ni kizuri, na mzee alinieleza namna ya kukisoma. Likicheza juu na chini, shuku beringi au boli jointi, tufe la chuma ndani ya kikombe linaloshikanisha gurudumu na mkono wa chini (chuma kinachotoka kwenye fremu kulishika gurudumu). Mwambie mtu akanyage breki ukiwa bado unatikisa, na mchezo ukipotea basi ni beringi, kwa sababu breki imeshika diski na kuifunga pamoja na nako, chuma kisichozunguka kinacholibeba gurudumu. Ukibaki, tazama boli jointi. Likicheza kushoto na kulia, shuku tairodi, fimbo inayolipinda gurudumu unapozungusha usukani. Ila mikono miwili ya binadamu ikitikisa tairi haiwezi kusukuma mkono wa chini kama barabara inavyousukuma. Kuna kifaa ambacho kipimo hicho hakikigusi kabisa.

Akachukua tochi akaingia chini. Akaniita nitazame pale mkono wa chini unaposhikana na fremu, kwenye bushi kubwa ya nyuma, kiungo chenye mpira ndani yake. Kulikuwa na doa jeusi lenye unyevu, limeshikamana na vumbi. Nilikuwa nimeliona doa hilo miezi iliyopita wakati wa kumwaga oili, nikajiambia ni oili ya injini iliyodondoka, nikalifuta kwa kitambaa.

"Injini iko wapi na doa liko wapi?" akaniuliza.

Juu ya doa pakavu kabisa. Hapakuwa na njia ya oili kufika pale.

Akaingiza mtaimbo kati ya mkono na fremu, akabana taratibu. Mkono ukasogea mbele karibu upana wa kidole, na mpira wa bushi ukafumbuka kama mdomo; ulikuwa umechanika karibu nusu ya duara. Upande wa kulia alipobana, mkono ulisogea kidogo ukarudi, mpira ukiwa mzima ingawa umeanza nyufa. Kwa kuangalia tu, bila mtaimbo, ule uliochanika ulionekana mzima. Uzito wa mkono ulikuwa unaufumba.

Bushi ile, mzee alinieleza, si kipande cha mpira mtupu. Magari mengi yanayovutwa na magurudumu ya mbele yana bushi ya nyuma yenye vyumba vidogo vya majimaji ndani ya mpira. Gurudumu likitetema, majimaji yanalazimika kupita kwenye njia nyembamba kutoka chumba kimoja kwenda kingine, na kule kupita kunaumeza mtetemo kabla haujafika kwenye usukani. Mpira ukipasuka, majimaji yanavuja, na ndilo doa nililolifuta. Kuanzia siku ile kazi ya kumeza mtetemo haikuwa na mwenyewe.

Nikamwuliza: kama bushi ndiyo mbovu, kwa nini balansi ilisaidia? Hapa ndipo mwaka wangu wote uliponyooka mbele ya macho yangu. Bushi haizunguki, kwa hiyo haiwezi kuzaa mtetemo unaoongezeka na mwendo. Mtetemo unazaliwa na kinachozunguka: tairi, rimu, diski. Hakuna tairi lililo kamilifu. Hata jipya lina gramu chache za tofauti, au upande mmoja wa ukuta wake ni mgumu kidogo kuliko mwingine. Sasipensheni nzima inabeba kasoro hizo ndogo bila dereva kujua. Iliyochoka inaziachia zipite, tena inazikuza. Balansi ilipunguza chanzo, gari likapoa. Tairi lilipolika kidogo, au risasi moja ilipoanguka, chanzo kikaongezeka kwa gramu chache, na gari lisilo na kinga likapiga kelele tena.

Baadaye nilikaa na kalamu nikapiga hesabu, kwa sababu nilitaka kujua kwa nini 90 na si 60. Kwenye 90 gari linakwenda mita 25 kila sekunde. Tairi lenye mzingo wa karibu mita 2 linazunguka zaidi ya mara 12 kwa sekunde. Nao mguu wa gari, yaani gurudumu pamoja na mikono inayolishika, likiwa juu ya mpira wa tairi na springi, una mdundo wake wa asili, na kwa magari madogo mdundo huo huwa kati ya mara 10 na 15 kwa sekunde. Ni kama kumsukuma mtoto kwenye bembea: ukisukuma kwa wakati wake, msukumo mdogo unampeleka juu; ukisukuma haraka kuliko bembea inavyotaka, haendi popote. Ndiyo maana mtetemo ulikuja 90 na kupotea 110. Kupotea kwake hakukumaanisha kwamba nguvu imekwisha. Gramu 20 kwenye ukingo wa rimu ya inchi 16, kwa mwendo wa 90, zinavuta kama uzito wa kilo 2 na nusu, zikibadilisha upande mara 12 kwa sekunde, na mwendo ukiongezeka nguvu hiyo inaongezeka kwa kasi zaidi ya mwendo wenyewe. Nilipokuwa 115 nikifurahia usukani uliotulia, mkono wangu uliochanika ulikuwa unapigwa kwa nguvu kubwa kuliko ilivyokuwa 90.

Nilibadilisha mikono yote miwili ya chini na bushi zake. Kubadilisha upande mmoja kungeniachia gari lenye mguu mmoja imara na mmoja mlegevu, na upande wa kulia tayari ulikuwa na nyufa. Kazi hiyo sikuifanyia kwa mzee kwa sababu alikuwa safarini. Niliifanyia kwenye gereji nyingine, na sikujua kitu kimoja ambacho laiti ningekijua ningesimama pale nikitazame kikifanywa. Gari likawa jipya. Usukani kwenye 100 ukawa umetulia hivi kwamba nilijisikia kulia. Miezi mitano baadaye nikasikia kugonga hafifu nikipanda tuta, na mtetemo ukaanza kunyemelea.

Mzee alipotazama, bushi mpya ya kushoto ilikuwa imeanza kuchanika. Hakuulaumu mpira.

"Waliikaza gari likiwa juu," akasema.

Mpira wa bushi ya namna hii umegandishwa kwenye bomba la chuma la katikati. Hauzunguki juu ya bomba, unajipinda. Ukikaza boliti wakati gurudumu linaning'inia, umelifunga bomba katika hali ambayo gari halitembei nayo kamwe. Ukilishusha chini, mkono unapanda, na mpira unabaki umepindwa muda wote, hata gari likiwa limeegeshwa usiku. Kila tuta linaupinda zaidi kutoka pale. Inayotakiwa ni kufunga boliti kwa kushikiza tu, kulishusha gari likae juu ya magurudumu yake kwa uzito wake, au kunyanyua mkono kwa jeki hadi kimo hicho, kisha ndipo kukaza kwa nguvu iliyoandikwa na mtengenezaji. Ni suala la dakika chache. Mtu yeyote anayebadilisha bushi au mikono, namsihi aulize jambo hili kabla spana haijashikwa, na abaki pale mpaka boliti ya mwisho ikazwe. Bushi za mara ya pili zilikazwa gari likiwa chini, na hadi leo, baada ya zaidi ya kilomita 40,000, zimetulia.

Baada ya hapo ndipo alaimenti, yaani kunyoosha magurudumu yaelekee inavyotakiwa. Kuifanya kabla, kama nilivyofanya mara moja katika ule mwaka wa kuhangaika, ni kupima mstari kwa rula inayocheza: mashine ilinipa namba nzuri gari likiwa limesimama, na barabarani mkono ulienda unakotaka.

Tangu hapo ndugu na majirani huniletea mitetemo yao, na nimejifunza kwamba kila kifaa kina namna yake ya kusema. Stabilaiza linki, kiungo kifupi cha fimbo inayozuia gari kulala kwenye kona, ikiisha inagonga kwenye mashimo madogo madogo lakini haitetemeshi usukani. Tope lililokauka ndani ya rimu linaiga balansi mbovu kikamilifu, na dawa yake ni maji. Kutu kati ya rimu na habu, kitovu kinachozunguka ambacho rimu inafungwa juu yake, au nati zilizokazwa kwa mzunguko badala ya kwa kuruka upande wa pili, zinafanya gurudumu likae mshazari. Gurudumu la namna hiyo usilipeleke kwenye mashine ya balansi, maana huko tairi linafungwa upya na mashine haioni kosa lolote. Gari linaloyumba polepole kwenye 30 au 40, kama linachechemea, ninalikagua tairi lenyewe kwanza, nikitafuta uvimbe. Nyuzi za ndani zikikatika hakuna la kungoja. Tairi hilo halirudi barabarani.

Shokapu ndiyo inayodanganya zaidi. Jirani yangu alikuwa ameshabadilisha beringi za nyuma kwa sababu ya mvumo, na mvumo ukabaki. Nilipitisha kiganja juu ya uso wa tairi, taratibu, kuzunguka lote, nikahisi mabonde na vilima kama mawimbi. Shokapu iliyokufa inaliacha tairi lidunde juu ya lami badala ya kulibana, na kila linapotua linajila. Tairi likishapata mabonde hayo linavuma na kutetema hata ukiweka shokapu mpya, kwa hiyo watu hubadilisha shokapu, hawaoni tofauti, wakadhani wamekosea. Kubonyeza kona ya gari na kuiachia uone inadunda mara ngapi kunaonyesha ile iliyokufa kabisa tu. Iliyochoka nusu inapita mtihani huo. Ninaamini kiganja, na ninaamini ulowevu wa mafuta kwenye mwili wa shokapu.

La mwisho ni la mdogo wangu, na ndilo linalonifanya nisikubali tena mtu aendelee kuendesha gari linalotetema huku akisubiri nafasi. Ana pikapu yenye mikono miwili kila upande, wa juu na wa chini, na springi imekaa juu ya mkono wa chini. Alinipigia akasema usukani unatikisika akipita kwenye barabara mbovu na gari linahama kidogo akifunga breki, lakini limeshainuliwa na kutikiswa, na halina kitu.

"Waliweka jeki wapi?" nikamwuliza.

"Kwenye fremu, kaka. Kama kawaida."

Kwenye gari la namna hiyo, ukiinua kwa fremu, mkono wa chini unaning'inia na springi inausukuma chini kwa nguvu zote, ikiibana boli jointi ya chini. Unaweza kutikisa tairi mpaka uchoke; haitacheza, hata kama imeisha. Nikaenda kwake na jeki. Tuliweka jeki chini ya mkono wenyewe, karibu kabisa na gurudumu, tukainua mpaka tairi likaachana na ardhi kidogo, springi ikiwa imebebwa na jeki. Nikaweka mtaimbo chini ya tairi nikanyanyua. Likapanda na kugonga, na mdogo wangu, aliyekuwa amechuchumaa na tochi, akaona jointi ikiinuka ndani ya kikombe chake.

Alikuwa anataka kulipeleka kwa fundi mwenyewe, taratibu, kwa 30. Nikakataa, tukalibeba juu ya gari lingine. Fundi alipofungua nati na kuuachanisha mkono, hakuhitaji nyundo wala kifaa cha kubandulia. Alishika shina la jointi kwa vidole vitatu, akavuta, na kichwa chake kikatoka chote nje ya kikombe, kikavu, bila hata tone la grisi.